Blenda au prosesa? Tazama kwanza ni nani anayekula nyumbani mwako

DADA yangu mdogo alinunua blenda juma lile lile mtoto wake wa kwanza alipotimiza miezi sita. Alikuwa amemnyonyesha maziwa ya mama pekee, kama alivyoshauriwa kliniki, na sasa wakati wa kumwonjesha vyakula vingine ulikuwa umewadia. Kila adhuhuri alichemsha viazi, karoti, minji na kipande cha nyama, akavitia ndani ya blenda na kuongeza maji mpaka mashine ikazunguka bila kukwama. Chakula kilitoka laini kama maziwa, na mtoto alikimaliza bila kusumbua.

Baada ya miezi miwili, mstari wa uzani katika kijitabu cha kliniki ulikuwa umelala badala ya kupanda. Mtoto hakuwa na homa wala hakuharisha. Muuguzi aliyempima aliuliza swali moja tu: "Mama, ukikichota hicho chakula kwa kijiko halafu ukiinamishe kijiko, chakula kinabaki au kinamwagika?" Kilikuwa kinamwagika. Mtoto alikuwa akishiba maji.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu watu wengi mijini wanaotaka kununua mashine ya jikoni huuliza maswali ya bei, rangi na jina la kampuni. Ni wachache wanaouliza mashine hiyo itakifanya nini chakula, na chakula hicho kitawafanya nini watakaokila. Leo tutazame mashine mbili ambazo huchanganywa sana: blenda, ambayo wengi wanaijua, na ile ya kukatakata chakula ambayo madukani huitwa fudi prosesa, au prosesa kwa ufupi.

TOFAUTI YAO

Blenda ina jagi refu na jembamba, na visu vidogo chini kabisa. Visu vinapozunguka kwa kasi, maji yaliyomo huzunguka kama kisulisuli na kuvuta vipande vya chakula kutoka juu kuvirudisha chini kwenye visu. Ndiyo maana blenda haiwezi kufanya kazi yake vizuri pasipo maji, maziwa au supu. Ukitia vitu vikavu, vile vya chini husagika na vya juu hubaki vilivyo huku mota ikipata moto.

Prosesa nayo ina bakuli pana na fupi. Kisu chake ni kirefu, kimepinda kama herufi S, na hupita karibu na sakafu yote ya bakuli. Kwa hivyo haihitaji maji. Aghalabu huja na visahani vya chuma vya kukata karoti na kabichi vipande vyembamba au kuvikwaruza, na nyingine huja na kisu cha kukandia unga.

Historia yao yenyewe inaeleza tofauti hii. Mnamo mwaka wa 1922, Stephen Poplawski wa mji wa Racine huko Marekani alitia visu chini ya chombo ili kuchanganya vinywaji vya maziwa vilivyouzwa madukani. Prosesa ilitoka Ufaransa, ambako Pierre Verdon alitengeneza mashine kwa ajili ya wapishi wa mikahawa waliokuwa wakipoteza saa nyingi wakikatakata vyakula. Mashine za namna hiyo za kutumiwa nyumbani zilianza kuenea katika miaka ya 1970, na Wamarekani waliiona ya kwao mwaka wa 1973. Kwa hivyo blenda ilitengenezewa kile kinachonywewa kwa gilasi, na prosesa ikatengenezewa kazi ya kisu na kibao.

Ukilishika jambo hilo moja, mengine yote yatakuwa rahisi kuyafahamu.

KAMA KUNA MTOTO MCHANGA

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kisha aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Chakula cha kwanza kinafaa kuwa laini, lakini laini si sawa na chepesi.

Tumbo la mtoto ni dogo. Huchukua takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzani wake. Mtoto wa kilo 8, basi, hujaa kwa mililita 240 hivi, yaani kikombe kimoja. Ikiwa nusu ya kikombe hicho ni maji uliyotia ili blenda izunguke, mtoto atashiba nusu ya chakula anachohitaji na hatalia kudai zaidi. Mama ataona sahani tupu na kufurahi. Mizani ya kliniki ndiyo itakayosema ukweli.

Chakula cha mtoto kiwe kizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Ukitumia blenda, tia kioevu kidogo tu, na badala ya maji matupu tumia maziwa ya mama uliyokamua au supu ya nyama isiyo na chumvi. Kikitoka kikiwa chepesi, kiongezee parachichi lililopondwa, kijiko cha njugu zilizosagwa, kiini cha yai lililochemshwa likaiva au mafuta kidogo ya kupikia. Prosesa haina shida hii kwa sababu haidai maji, lakini bakuli lake kubwa halikamati vizuri chakula kidogo cha mtoto mmoja. Uma na sahani hufanya kazi hiyo bila stima, na akina mama wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Isitoshe, kipindi hiki ni kifupi. Kufikia miezi minane hivi, watoto wengi wanaweza kushika vipande vya chakula laini na kujilisha wenyewe. Wakifika mwaka mmoja, wengi huweza kula chakula kile kile cha familia kikiwa kimekatwakatwa au kupondwa. Mtoto anayepewa chakula cha kunywa kila siku hapati nafasi ya kujifunza kutafuna, na baadaye hukataa chochote chenye vipande. Kununua mashine ya bei ghali kwa sababu ya mtoto pekee, basi, ni kununua kitu ambacho mwenyewe atakiacha baada ya miezi michache.

MAJI YA MATUNDA NA SUKARI

Sababu ya pili inayowafanya watu wa mjini kununua blenda ni maji ya matunda. Wengi hufikiri kwamba gilasi ya maji ya machungwa au ya maembe ni sawa na kula matunda yenyewe. Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili: kusaga na kuchuja.

Ukisaga tunda zima na kulinywa lote, nyuzinyuzi zake bado zimo, ingawa zimekatwa. Nyuzinyuzi hizo husaidia choo kisiwe kigumu na huifanya sukari ya tunda iingie katika damu polepole. Ukichuja na kutupa makapi, umetupa sehemu hiyo na kubaki na maji, sukari na baadhi ya vitamini. Katika nyumba nyingi, hapo ndipo vijiko viwili au vitatu vya sukari huongezwa juu.

Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na sukari iliyo ndani ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai kwa siku nzima, na shirika hilo lilisema kuwa kupunguza hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Chai yako ya asubuhi na ya jioni imo katika hesabu hiyo.

Fikiria pia kiasi. Gilasi moja kubwa huweza kumeza machungwa matatu au manne. Ni nani anayeketi akala machungwa manne mfululizo? Kwa mgonjwa wa kisukari jambo hili si dogo, na yafaa azungumze na daktari au mtaalamu wa lishe wa kliniki yake kabla ya kuyafanya maji ya matunda kuwa mazoea. Kwa wengine wote, tunda la kutafuna ndilo bora, na la kusagwa zima bila kuchujwa wala kutiwa sukari lafuatia.

Kama umeamua kununua blenda kwa ajili hii, kumbuka kwamba maji na barafu havipikwi. Maji ambayo hayajachemshwa au kutiwa dawa yanaweza kukuletea kipindupindu au homa ya matumbo hata yakiwa ndani ya jagi la kioo linalong'aa. Osha matunda kabla ya kuyamenya, kwani kisu huingiza uchafu wa ganda ndani ya nyama ya tunda.

MBOGA ZA FAMILIA

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Familia nyingi hazifiki hapo, na mara nyingi kinachokosekana ni wakati. Anayetoka kazini saa kumi na mbili, akapanda matatu na kufika nyumbani saa mbili usiku, hana hamu ya kukata kabichi, karoti, vitunguu na pilipili hoho. Atapika ugali na mayai, basi.

Hapa ndipo prosesa huonyesha faida yake kwa afya. Kabichi nzima hukatika kwa dakika chache. Karoti na bitiruti hukwaruzwa zikawa saladi. Nyama ya kima ya sambusa au kebabu inaweza kusagwa nyumbani kutoka kwa nyama uliyoichagua mwenyewe isiyo na mafuta mengi. Ikiwa mashine itawafanya watu sita wale mboga siku tano kwa juma badala ya mbili, pesa zake zimerudi.

Hata hivyo, si kila mboga inaifaa. Nyanya za kachumbari hupondeka zikatoa maji. Kisu cha mkono ni bora. Sukuma wiki ioshwe majani yakiwa mazima kisha ndiyo ikatwe, kwa maana ukiikata kwanza na kuiosha baadaye, vitamini zinazoyeyuka huenda na maji. Usikate mboga asubuhi ukaziacha hadi jioni, kwa kuwa vitamini C hupungua kadiri mboga iliyokatwa inavyokaa wazi.

Mashine zote mbili huharibu mukimo. Visu vyenye kasi hupasua viazi vilivyopikwa na kutoa wanga wake wote, kikawa kitu cha kunata kama gundi. Mwiko umeshinda.

Kwa upande wake, blenda hushinda palipo na majimaji. Nyanya na vitunguu vya mchuzi, supu ya maboga, tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa na maji kidogo, na bajia za kunde zilizolowekwa, hiyo ni kazi yake. Wapishi wa Pwani wanaotafuta tui bila kukalia mbuzi hukata nyama ya nazi vipande vidogo, wakaisaga kwa maji ya uvuguvugu na kuikamua. Kwa pilipili manga, iliki, bizari nzima na mdalasini za pilau, tafuta blenda iliyo na kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu. Kikombe hicho hufaa pia kwa njugu na omena zilizokaushwa.

WAZEE NA WAGONJWA

Kuna nyumba ambamo blenda si anasa. Aliyevunjika taya katika ajali ya bodaboda na kufungwa nyaya za meno ataishi kwa chakula cha kunywa kwa majuma kadhaa. Mzee asiye na meno naye anaweza kudhoofika kwa kukosa nyama na mboga huku akila chai na mkate tu. Chakula chake cha kawaida kilichosagwa kidogo humrudishia nguvu.

Lakini tahadhari kwa mtu aliyepatwa na kiharusi. Baadhi yao hawamezi vizuri, na kitu chepesi kama maji huweza kupita njia ya pumzi na kuingia katika mapafu. Usimpe chakula cha blenda mpaka mhudumu wa afya amemwona akimeza na kukueleza kiwe kizito kiasi gani.

MASHINE HAIUI SUMU

Wapo wanaodhani kwamba kitu kikisagwa kikawa laini, kimekuwa salama. Si kweli. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na kuyasaga hakuiondoi. Yaloweke kwa saa kadhaa, umwage maji hayo, uyachemshe kwa moto mkali kwa dakika kumi au zaidi, kisha uyaendeleze mpaka yaive kabisa ndipo uyasage.

Njugu au mahindi yaliyoota kuvu ni hatari zaidi. Sumu ya kuvu hiyo, aflatoksini, haiishi kwa kusagwa wala kwa kupikwa. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwafanya watu 317 kuugua katika sehemu za mashariki mwa Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafariki. Chambua njugu moja moja kabla ya kuzisaga. Iliyosinyaa, yenye ukungu au yenye uchungu itupwe. Ukishasaga, huwezi tena kuiona.

USALAMA NA USAFI

Usijaze blenda supu inayotokota. Mvuke hupanuka ghafla mashine inapowashwa, ukarusha kifuniko na kuwachoma waliokaribu. Acha supu ipoe, jaza nusu tu, ondoa kizibo kidogo cha katikati na ufunike kwa kitambaa huku ukianza kwa kasi ya chini.

Visu vya prosesa ni vikali kuliko vingi vya jikoni. Usivitumbukize katika karai la maji ya sabuni ambamo mwingine atatia mkono bila kuviona. Vichunguze pia mara kwa mara. Huko Marekani, mnamo Desemba 2016, visu vya prosesa zipatazo milioni 8 vilirudishwa baada ya kugunduliwa kwamba vingine vilikuwa vikipasuka na kudondosha vipande vya chuma ndani ya chakula. Kisu chenye ufa kisitumiwe hata siku moja.

Uchafu wa blenda hujificha chini, kwenye pete ya mpira iliyo kati ya jagi na visu. Kuzungusha maji ya sabuni hakutoshi. Chomoa plagi, fungua sehemu ya chini, toa mpira, osha kila kimoja, kisha uviache vikauke kabla ya kuvirudisha. Mpira unaonuka maziwa yaliyochacha unaweza kumharisha mtoto hata kama chakula kilipikwa vizuri.

UNAPOFIKA DUKANI

Soma kibandiko cha nyuma. Stima ya Kenya ni ya volti 240. Mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani na kuandikwa volti 120 pekee itaungua ukiichomeka vivi hivi. Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya. Uliza kama jagi, kisu na pete ya mpira vinauzwa peke yake, maana hivyo ndivyo huharibika kwanza. Jagi la kioo halishiki harufu wala rangi ya manjano, lakini huvunjika. La plastiki ni jepesi ila huchakaa.

Gharama ya stima isikutishe. Mashine ya wati 500 huhitaji kufanya kazi saa mbili nzima ili imalize yuniti moja, na kazi nyingi za jikoni huchukua dakika mbili au tatu. Gharama halisi ni bei ya kuinunua, na prosesa kwa kawaida huwa ghali zaidi, tena hudai nafasi kubwa mezani na vyombo vingi vya kuosha.

Kabla ya kutoa pesa, andika vyakula mlivyopika nyumbani juma lililopita. Weka alama kwa vile vinavyohitaji kusagwa na maji: michuzi, supu, tui, bajia. Weka alama nyingine kwa vile vinavyohitaji kukatwa au kukwaruzwa vikiwa vikavu: kabichi, karoti, vitunguu vingi, nyama ya kima. Alama zilizo nyingi ndizo zitakazokuonyesha mashine inayokufaa. Zikiwa chache pande zote mbili, kisu kikali, kinu na mchi vyatosha, na pesa hizo zinunue matunda.

Dada yangu hakuitupa blenda yake. Kwa mtoto alirudi kwa uma na sahani, akawa anaponda viazi kwa parachichi na unga wa njugu mpaka vikakaa kwenye kijiko. Miezi miwili baadaye mstari wa kliniki ulianza kupanda tena. Blenda sasa husaga nyanya za mchuzi wa familia, na mtoto, ambaye siku hizi ana meno ya kutosha, hula mchuzi huo pamoja na wenzake kwa ugali.